Mchicha Uliofungwa Kitambaa

Ilianza Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, Bibi alipochana ukanda wa khanga yake kuukuu akampa Neema.

"Shika, funga wewe," alimwambia. "Macho yangu yalishanidanganya mwaka ule, siyaamini tena."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye shimo la maji, kata mkononi, hatua tano tu kutoka walipokuwa. Kusema si kazi ninayoiweza. Hata darasani, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, naandika jibu pembeni mwa daftari halafu nalifunika kwa mkono. Lakini khanga ile ilipochanika niliacha kuchota, maana macho ya Bibi hayajawahi kumdanganya. Aliyemdanganya ni mimi.

Nina miaka kumi na sita, na najua mtu wa kidato cha tatu hana haki ya kusema "enzi zetu". Nitasema hivyo hivyo. Enzi zetu Nzuguni hii haikuwa na mageti yote haya. Nyuma ya nyumba ya Bibi ilikuwa vichaka, halafu korongo, na ukingoni mwa korongo ndipo ilipokuwa bustani, ipo mpaka leo. Mimi na Neema, binti wa mama mdogo, tulilelewa humo pamoja. Tumepishana miezi mitatu, yeye ndiye mdogo, na jambo hilo lilinikera sana kwa sababu kila kitu alianza yeye: kusoma, kuruka kamba, kusalimia wageni bila kusukumwa. "Shikamoo babu, shikamoo mama," kama redio. Mimi nilisalimia miguu ya watu.

Wakati wa mvua bustani ilipumzika. Korongo lilishuka na maji mekundu yakibeba matawi na ndala za watu, na mboga tulichuma shambani bure, mlenda na majani ya maboga, mpaka tukachoka kutelezesha ugali. Mvua ikikatika mwezi wa nne, korongo likabaki mchanga mtupu, Bibi alichimba shimo mchangani mpaka maji yakajitokeza chini, meupe kwanza kama ya kuoshea mchele, kesho yake safi. Hapo ndipo tunapoanza. Tunasomba samadi kutoka zizi la jirani kwa beseni, tunapiga matuta, tunachanganya mbegu na majivu ili zisianguke mahali pamoja. Mwezi wa sita baridi inachana midomo na tunamwagilia tukiwa tumejifunga khanga mbili mbili. Mwezi wa nane upepo, vumbi mpaka kwenye meno, na uzio wa miiba unarekebishwa kila siku. Ikifika mwezi wa kumi jua limekaa begani, na shimo la maji limeshakwenda chini kiasi kwamba mmoja anaingia ndani na mwingine anapokea ndoo. Halafu mawingu, halafu mvua, na korongo linakuja kuchukua kila kitu.

Kumwagilia tulitumia kopo la mafuta lililotobolewa matundu kwa msumari. Juzi mdogo wangu wa darasa la pili aliniuliza kama mchicha huota ukiwa tayari kwenye fungu, umefungwa na kamba. Sikumcheka. Ameuona gengeni tu, na muda wote macho yake yapo kwenye simu ya Mama.

Mchicha wenyewe haukuwa wa pakiti. Bibi alikuja na mbegu yake kutoka kijijini kwao Haneti wakati anaolewa, amepewa na mama yake, na aliuita hivyo, mchicha wa mama. Majani mapana kama kiganja, unachuma leo, keshokutwa umejaa tena. Kila mmoja wetu alikuwa na tuta lake. Mwezi wa nane Bibi alipita taratibu kati ya matuta, mikono mgongoni, akichagua mche mmoja tu wa mbegu. Akishachagua anaufunga ukanda wa khanga, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata mbuzi ni kama wanajua. Mwenye tuta lile mbegu zikikauka alipewa kiasi chake kwenye kichupa cha dawa, akae nacho mwenyewe.

Darasa la pili kitambaa kilifungwa kwa Neema. Darasa la tatu, kwa Neema. Nilikiona kile kichupa chake juu ya dirisha kila nikiamka. Nilimwagilia zaidi yake, nilitoa wadudu mmoja mmoja kwa vidole, niliwahi hata kuiba samadi ya upande wake. Mwaka ule wa darasa la nne mche wangu mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote na ulikuwa wa kwanza kutoa vichipukizi vya maua. Nikajua mwaka huu hapiti mtu. Bibi alikuja, akautazama, akasema "ehe," akapita. Akafunga kwa Neema, kwenye mche mfupi mpana ambao ulikuwa hauna habari ya maua kabisa.

Nilihisi kama nimemezwa na kitu. Sijui kama watu wazima wanaupata wivu wa namna ile. Nilikuwa nikimtazama Neema anakula nikaona anakula vizuri kuliko mimi.

Wiki ile ile ukatokea msiba Haneti. Bibi akaenda, na akamchukua Neema. "Yusta abaki na mboga," alisema, "yeye mtulivu." Walikaa majuma mawili. Siku ya tatu nilikifungua kile kitambaa, nikakifunga kwenye mche wangu mrefu. Ule wa Neema niliung'oa, nikaukata, Mama akaupika na karanga tukala na ugali.

Waliporudi Bibi alisimama mbele ya tuta langu muda mrefu. Akajifuta macho na ncha ya khanga.

"Kumbe nilifunga huku?"

"Hapana Bibi, ulifunga kwangu," Neema alisema. "Hapa, angalia, pana shimo."

Bibi akanigeukia. "Yusta?"

Nikasema, "Ulifunga kwangu, Bibi."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizomwambia mwaka ule. Ndiyo maana ilikubalika. Mtoto asiyesema, watu wanadhani hana pa kuuweka uongo. Bibi akamwambia Neema, mbele ya jirani aliyekuja kutoa pole, "Acha uroho mama, miaka miwili yote ulipata wewe." Neema alilia mpaka kwikwi zikamshika. Mimi nilipata kichupa changu.

Mwaka uliofuata tulipanda mbegu ile. Mchicha uliota, ukafika urefu wa kidole, ukatoa maua. Matuta yote, kama watoto waliovaa viatu vya wakubwa. Majani madogo, makavu, hakuna cha kuchuma. Bibi alijaribu mara ya pili, ikawa vile vile, na mbegu ya zamani haikubaki hata punje. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitazama miaka yote. Alikuwa anautafuta mche wa mwisho kutoa maua, ule unaokaa na majani yake. Mimi nilimfungia wenye haraka.

Hakumlaumu mtu. Alisema macho yamezeeka, yamemchagulia vibaya. Akaanza kununua za pakiti. Akaacha kushona pia, akawa anawaita watu wamtungie uzi, na sindano akiishika mwenyewe anaishika mbali kama kitu cha mtu mwingine. Mama mdogo na Neema walikuwa wameshahamia Haneti kabla mbegu ile haijapandwa, na mimi nikabaki na Bibi peke yangu kama nilivyotaka. Haikuwa tamu nilivyodhani.

Mwaka huu Neema amerudi kusoma hapa. Alishuka na begi na kile kichupa chake cha darasa la tatu, kimejaa. Mama mdogo alikuwa anaupanda mchicha ule Haneti kila mwaka, na mbegu zote zilizobaki alizituma humo. Bibi alizimwaga mbegu kiganjani, akazinusa, akamshika Neema uso kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasema moyoni, ameanza tena.

Basi Jumamosi Neema akapita kwenye matuta na ukanda wake, akiigiza mwendo wa Bibi, mikono mgongoni. Akaja akasimama kwenye tuta langu. Akafunga kwenye mche wangu.

"Nimemfungia Yusta," alisema, "asije akatununia mpaka Krismasi."

Bibi akacheka. "Haya, wake wenzangu, mmepatana."

Nilikiona kitambaa kikipepea pale, nilipokitaka tangu nikiwa na miaka minane, na nikauona pia mche wenyewe. Katikati ya majani ya juu palikuwa na kichipukizi cha ua, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Zilikuwa mbegu zile zile za Haneti, hakuna nyingine, na zilikuwa zinakwenda kufa mara ya pili. Safari hii nisingekuwa nimefanya kitu, ningekuwa nimenyamaza tu, na kunyamaza nakuweza.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoa kichupa changu chini ya nguo sandukuni. Bibi alikuwa jikoni anachochea moto wa chai. Nikakiweka chini karibu na mguu wake, nikaanza kusema, na nikishaanza sikuweza kuacha. Kitambaa, mche wa Neema, karanga, uongo, na kichipukizi cha jana.

Hakunitazama. Chai ikafurika ikazima upande mmoja wa moto.

"Miaka sita," alisema, "nimetungiwa uzi na watu."

"Nisamehe, Bibi."

"Na mwenzio nilimwita mroho. Nenda kamwambie."

Neema alikuwa bustanini, mswaki mdomoni. Nilimwambia nikitazama ndala zake.

"Si nilisema?" alijibu, povu likimtoka. Kisha akafikiri. "Na mche wangu ulikwenda wapi?"

"Tuliula."

"Ulikuwa mtamu?"

"Sana."

Alitema povu, akanitazama kwa muda ambao sikuupenda. Hakusema yamekwisha, na mimi sikumwomba aseme.

Bibi akaja nyuma yetu. Kichupa changu alikuwa ameshawamwagia kuku. Akaweka mikono mgongoni, akapita tuta hadi tuta, akiinama, akigeuza jani, na hakumwita mtu amsaidie kuona. Alipofika kwangu alifungua kitambaa bila kusita. "Huu uchume leo, tule mchana, kabla haujakomaa," alisema. Akaenda akakifunga kwa Neema, kwenye mche mfupi mpana.

Kwa hiyo kilikaa kwangu usiku mmoja. Nikauchuma mche wangu, nikajaza lile kopo la matundu, nikamwagilia ule wa Neema kwanza, makopo mawili mazima, nikiona wivu ule ule.