Damari Apanda Sanje

Dada Damari ni jirani yangu hapa Ihanja. Ni mjane, analima alizeti na uwele, na kila kiangazi yeye ndiye huanza kuchimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatokee. Goti lake la kushoto ni bovu. Kwaya yetu ya akina mama ilipopanga safari ya kuona maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Udzungwa, nilimsihi abaki.

"Nimeyachimba maji tangu utoto," akanijibu. "Nataka niyaone yakimwagika yenyewe."

Siku ya kuondoka mwanawe Calist alinishika mkono. "Mama mdogo, umrudishe mzima." Tangu hapo sikutulia.

Msituni njia ilikuwa mizizi na utelezi. Mbega waliruka juu yetu, wenzangu wakashangilia. Mimi nilitazama miguu ya Damari. Alipanda akishika miti, jasho likimtiririka, bila kulalamika. Tulipofika kwenye kijito, kijana aliyetuongoza, Shukuru, aliona Damari anachechemea.

"Mama, wewe pumzika hapa na mwenzako mmoja. Huko mbele mwinuko ni mkali zaidi." Kisha akatugeukia sisi. "Wengine jazeni chupa, twende."

Damari alifungua chupa yake. Mimi nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Tukapanga foleni, mkubwa mbele. Damari akainama, akachota, akamwaga maji ya kwanza, akangoja yatulie, ndipo akajaza. Akafuata Emiliana, palepale. Kisha Jenifa, palepale.

"Mama zangu, foleni ya nini?" Shukuru akacheka. "Kijito chote hiki!"

Tukatazamana. Hakuna aliyetoka kwenye mstari.

"Kwetu, kwenye shimo la maji mtoni, anayeruka foleni hupigwa kichwani kwa kata ya kuchotea," Emiliana akamwambia. "Tulia, mwanangu."

Mpaka wa mwisho anajaza, Damari alikuwa amekaa kwenye jiwe upande wa chini, goti ndani ya maji baridi. Akalikunja, akalinyoosha, akasimama.

"Shukuru, nipe hiyo fimbo yako."

Shukuru akampa. Tukapanda polepole, mimi nyuma yake nimeshika pindo la khanga yake, hadi miti ikaachana na maporomoko ya Sanje yakatokea, meupe, marefu, yakinguruma. Manyunyu yakatulowesha.

"Tuimbe?" Jenifa akauliza.

"Nyamazeni kwanza," Damari akasema. Halafu, bila kugeuka: "Na wewe niachie, mdogo wangu."

Nikamwachia. Akasogea mbele peke yake, uso juu, akasimama imara kuliko mimi.

Wakati wa kushuka niliteleza mara mbili. Yeye ndiye aliyenidaka.