Mtutu wa Inchi Ishirini na Moja

Zamani, Kibokoni, Mombasa, kuku alichinjwa uani mbele ya macho ya watakaomla, na siku hizi, Apple Valley, Marekani, hutoka kwenye friji amefungwa plastiki, na kilichobaki cha bismillahi ni kibandiko cha halali ambacho hakuna anayeuliza nani alikibandika.

Salmin alikula nyama ya vibandiko miaka ishirini na miwili. Alikuwa fundi wa mabasi, umri wake sitini na mitatu, na wajukuu zake walimwona kituko kila alipowaambia kwamba nyama ilikuwa na roho kabla ya kuwa nyama. Alitaka jambo moja tu: awawekee mezani ndege aliyemchinja kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo Rodney, mwenzake wa gereji, alipomwalika wakawinde bata mzinga theluji ikiisha.

Hofu ilimwanzia duka la bunduki. Mtu mweusi mwenye ndevu, ameshika bunduki kwa mara ya kwanza maishani, hajui hata aielekeze wapi. Muuzaji alimwekea mbili za marisau, zile risasi za chembechembe, kwenye kaunta, moja ya mtutu wa inchi ishirini na nane, nyingine ishirini na moja. Mrefu, alisema, hutulia vizuri zaidi unapolenga. Salmin alidhani pia hutupa mbali zaidi. Rodney akamweleza kuwa urefu hauongezi kitu cha maana; kinachokusanya marisau ni mfinyo wa mdomoni mwa mtutu, na mtu aliyeketi chini, mgongo kwenye mti, mtutu mrefu humgongea matawi tu.

Salmin akachukua mfupi, kwa sababu zake. Huu ni wa kuvizia karibu, hatua kumi na tano, alimwambia Rodney, na karibu ndiko alikotaka, kwani ndege akifa kwa marisau kabla kisu hakijamfikia ni mzoga, basi.

"Sal, hatua kumi na tano?" Rodney alicheka. "Hatakuwa na shingo ya kuchinja."

"Nitampiga bawa. Halafu nitakimbia."

Rodney aliacha kucheka. Alimwambia polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba msituni hakuna kukimbia. Kichwa cha bata mzinga dume kina nyekundu, nyeupe na buluu. Mtu akiinamainama vichakani na mojawapo ya rangi hizo atapigwa, na aliyempiga atalia baadaye.

Maneno hayo Salmin alilala nayo wiki nzima. Ruqayya, bintiye, alimsihi asiende.

"Baba, huku watu hupigwa risasi wamesimama milangoni kwao. Wewe wajipeleka mwenyewe kichakani?"

Salmin alinoa kisu.

Walikwenda watatu, pamoja na Paul, shemeji yake Rodney. Salmin aliswali alfajiri kando ya gari. Paul akashika upande wa bondeni, na walikubaliana asitoke huko. Rodney aliketi na Salmin, akaita kwa kibao kinachoigiza sauti ya jike. Salmin alikuwa na bunduki magotini. Dume akaja, mkia umetanuka. Salmin alingoja mpaka akaona ngozi ya shingo ikitetemeka, akafyatua.

Ndege alianguka akipigapiga bawa moja. Salmin aliiacha bunduki pale pale, akakimbia. Nyuma yake Rodney alimpigia kelele alale chini. Kifuniko cha jaketi kikamvuka kichwani, na ndani yake ilikuwemo kofia nyeupe ya viua, aliyosahau kuivua baada ya sala.

Alipiga magoti, akashika ile shingo nyekundu, akamgeuza ndege kaskazini mashariki, kibla ya huku. Hapo majani yakafunguka mbele yake, kama hatua thelathini, na mtutu mrefu ukatokeza, tundu lake jeusi limekaa sawa na kipaji cha uso wake. Paul alikuwa ametoka bondeni kufuata mlio.

Akiinuka, ni ndege anayeruka. Akilala, ni ndege anayejificha. Akingoja, ule moyo unaopiga chini ya kiganja chake utakoma, na yote yatakuwa bure. Alitaka kuita, jina likakwama. Kilichotoka ni kile ulimi wake ulichozoea tangu utotoni mbele ya shingo ya kuku, kwa sauti iliyompasua koo.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Na mkono ukavuta kisu.

Mtutu ukashuka. Salmin alibaki magotini, damu ya moto mikononi, asijue kwa muda ni ya nani.

Ruqayya alimpika ndege yule kwa nazi. Wajukuu walisikia kuna marisau ndani, wakaomba pitsa. Salmin alikula peke yake, na wiki ile ile akaandika barua ya kustaafu, hata gereji hakurudi kuaga.

Mara ya mwisho kuwaona Rodney na Paul ilikuwa asubuhi ile, walipomshusha mlangoni kwa bintiye. Alisimama barabarani na ndege wake, akangoja waondoke. Gari liliwaka lakini halikwenda. Kupitia kioo alimwona Paul amelaza paji kwenye dashibodi, mabega yakimruka kwa kwikwi, na Rodney ameweka mkono kwenye kisogo chake.