Salamu ya Hakimu Kinywani mwa Majambazi

Hadi leo wapo watu hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, wanaosema Mzee Hakimu alikuza jambo dogo. Mchezo tu, wanasema, mchezo wa watoto. Hao hawakuwemo chumbani siku ile. Mimi nilikuwemo.

Hakimu ni fundi wa redio na televisheni. Nyuma ya kibanda chake, karibu na soko, kuna chumba chenye mabenchi na michezo ya video, na wengi wetu tulikulia humo. Mchezo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa mashindano ya malori milimani. Ulikuwa na jina lake la Kijapani ambalo hakuna aliyeweza kulisoma, kwa hiyo sisi tuliuita Malori, basi. Hatukuelewa hata neno moja lililosemwa mle ndani. Hakimu aliondoa shida hiyo kwa mdomo wake. Alisimama nyuma yetu na bisibisi mkononi, akatangaza mashindano kama mtangazaji wa mpira. Mlima mkali akauita Gitambi. Kona yenye tope akaiita Rwimbogo, majina ya huku kwetu. "Anapanda Gitambi, anapanda, gari inakohoa, ooo, amerudi nyuma hadi kwa bibi yake!" Tulicheka hadi tukaangusha maneti, vile vishikio vya kuchezea. Wawili wakigombana, alizima televisheni na kusema kwa Kiswahili chetu cha hapa, chenye "ba" badala ya "wa", "Njia ni ya bote. Mwenye anaanguka, tunamuinua." Kisha akaiwasha.

Kampuni iliyoumiliki mchezo ule iliacha kutengeneza Malori zamani. Miaka ikapita, sisi tukawa watu wazima. Mimi nikaajiriwa kwenye duka la dawa. Siku moja Hakimu akaniita kwa haraka hata nikadhani kuna mgonjwa.

"Teta, njoo unisomee hii. Wewe unajua Kingereza."

Ilikuwa video kwenye simu. Mafundi waliobuni Malori walikuwa wametoka kwenye kampuni ile na kufungua karakana yao. Jina la zamani hawakuwa na haki nalo, lakini walitaka kutengeneza mchezo mwingine wenye roho ile ile, na waliwaomba wachezaji wa dunia nzima wauchangie kupitia mtandao. Mkuu wao, mzee mwenye mvi, alisema kwa unyenyekevu kwamba mchezo huu hautakuwa wa kampuni yoyote, utakuwa wa wale walioupenda. Tena waliahidi jambo lililomfanya Hakimu akae chini: kikundi kitakachochanga kwa kiwango fulani kitatuma sauti ya mtangazaji wake, na sauti hiyo itafungua mashindano kwa lugha ya kikundi hicho.

"Kiswahili chetu?" akauliza.

"Wameandika lugha yoyote, Mzee."

Tulichanga. Waliokulia chumbani mle walituma kutoka Kigali, Bukavu, hata Lyon, ambako mdogo wake Hakimu alitulipia kwa kadi yake ya benki. Hata Maman Védastine, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, ambaye hajawahi kushika maneti maishani mwake, alichanga. "Ile chumba ilinilindia batoto," alisema, "mimi niko sokoni, bao bako kwa Hakimu. Si ni haki yangu?"

Siku ya kurekodi, Hakimu alivaa kanzu ya Idi. Nilimwambia hakuna atakayemwona. "Sauti inajua vile umevaa," akanijibu. Tuliziba madirisha kwa blanketi ili pikipiki zisisikike. Alirudia mara nyingi, mpaka akaridhika na haya: "Karibuni, batoto ba mama. Njia ni ya bote. Mwenye anaanguka, tunamuinua. Muendeshe polepole, nyumbani banawangojea." Mafundi waliandika kwamba sauti ile imewatoa machozi.

Kisha tukangoja. Waliahidi mwaka mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu. Kila walipoahirisha, walituma picha nzuri na maneno matamu, na Hakimu akawatetea: "Kazi ya mikono haiharakishwi."

Mchezo ulipotoka, chumba kilijaa hadi mlangoni. Maman Védastine aliletewa kiti mbele. Mashindano ya kwanza yakafunguliwa na sauti ya Mzungu, kwa Kiingereza. Tukasema labda ya Hakimu iko mbele. Ya pili, Mzungu yule yule. Hakimu alitabasamu.

Tukafika milimani. Lori likapita kwenye migomba, na ghafla wakatoka majambazi waliofunika nyuso, wenye mapanga mikononi. Katika nchi hii sihitaji kueleza panga ni nini. Wakaliparamia lori, na wakiwa wanapiga, wakanguruma: "Karibuni, batoto ba mama! Karibuni! Mwenye anaanguka! Mwenye anaanguka!"

Sauti ilikuwa imefanywa nzito na kukatwakatwa, lakini hata mtoto aliitambua. "Tunamuinua" walikuwa wameitupa.

Vijana wawili walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe. Maman Védastine alisimama. "Zima hii kitu," alisema. Hakimu hakusogea, basi mama huyo akaenda mwenyewe na kuchomoa waya ukutani.

Watu walitoka mmojammoja. Hakimu alibaki amekaa kwenye benchi, mikono magotini. "Nilibapatia salamu," aliniambia. "Salamu, Teta. Banaipatia bauaji."

Niliwaandikia mafundi siku iliyofuata. Alijibu kijana wao wa mahusiano na wachezaji, akatushukuru kwa mapenzi yetu makubwa. Alisema sauti ya Hakimu ina uzito unaotisha vizuri, na kwamba tusiwe na wasiwasi, kwa kuwa wachezaji hawaelewi maneno yale. Nilipomtafsiria, Hakimu aliipiga meza, bisibisi zikaruka.

"Banasema bachezaji habasikie hii lugha. Na sisi benye tunaisikia, hatuko bachezaji? Wakati banaomba mchango, hatukuwa bachezaji?"

Akaniomba nimrekodi tena, safari hii kwa video. Alikaa kibandani mwake, akaonyesha kipande cha mchezo chenye majambazi, kisha akaeleza neno kwa neno alichokuwa amesema na alikuwa akiwaambia nani. Nikaweka tafsiri chini yake, tukaibandika kwenye ukurasa wa wachangiaji. Hapo ndipo hasira yetu ilipoongezeka, kwa sababu mwanamke mmoja wa Peru, mchangiaji mwenzetu, alituandikia: wimbo alioimba nyanya yake kwa lugha yao, kuwabariki wasafiri, alikuwa ameusikia mchezoni kinywani mwa mchawi wa mapangoni. Basi haikuwa bahati mbaya. Mtu aliketi na sauti zetu, akatafuta mahali pa kuziweka, na kila mara akaona panapofaa ni kwa waovu.

Wachangiaji wengi waliungana nasi. Kelele ilipozidi, mafundi walikubali kuzungumza na Hakimu kwa simu ya video. Alikuwepo yule mzee mwenye mvi, na mimi nikatafsiri.

"Hatukuwa na nia mbaya," alisema mzee.

"Baba, sikuulize juu ya nia," Hakimu akajibu. "Ninauliza hivi: muliahidi sauti yangu itafungua njia. Nani alisema iende kwa majambazi?"

Yule mzee aliwatazama wenzake. Kijana wa mahusiano akadakia kwamba wako tayari kuturudishia mchango wote, ila kwanza tuondoe video yetu. Hakimu hakungoja nimalize kutafsiri.

"Mwambie sitauza kunyamaza kwangu."

Baada ya majuma machache majambazi wakawa bubu. Mafundi waliandika mstari mmoja tu, kwamba wameboresha sauti. Hawakuomba radhi. Mtangazaji bado ni Mzungu. Hakimu alipodai rekodi yake ifutwe, alijibiwa kwamba kwa kuituma aliwapa haki nayo milele. Iko kwao hata sasa, na hatujui kesho wataiweka wapi. Magazeti ya michezo ya video yameusifu mchezo ule kuwa mrithi halali wa Malori. Mimi husoma sifa hizo na kusikia damu ikinipanda kichwani.

Hakimu hakufunga chumba, ila mchezo ule hauingii humo. Na amebadilika. Mwezi uliopita, harusini, mpiga video alimwomba aseme neno moja la heri kwa maharusi. Hakimu aliuliza neno hilo litawekwa wapi. Kijana akasema atajua akishakata na kuunganisha picha. Hakimu akatikisa kichwa, akatembea hadi meza kuu kati ya watu waliokuwa wakinung'unika, akawaambia maharusi heri yake sikioni, kisha akarudi kukaa.