Katikati ya Mawe ya Babu

Nianze na ujinga wenyewe: niling'oa isale la mpakani kwa sababu lilikuwa linazuia kamba yangu. Mmea ule ndio unaosema hapa kwako, pale kwangu, na Mchagga mwenye akili zake haugusi. Lakini mimi nilikuwa kazini.

Nilikuwa nampeleleza baba mdogo, jirani yetu. Baba yuko Holili kwenye malori, kwa hiyo kihamba, shamba letu la ukoo, analinda mama, na mama anashuku hata kuku wa watu.

"Baba yako mdogo anacheka sana siku hizi," aliniambia. "Yale masale yanatembea."

Kweli, wiki hiyo alikuwa ametuletea mkungu wa ndizi bila kuombwa. Nani hufanya hivyo?

Babu aliwagawia wanawe nusu kwa nusu: mpaka ushuke umenyooka kutoka katikati ya mawe yake mawili ya pembe za juu za shamba. Na kugawa mstari kwa bikari na rula ndiyo hesabu pekee niliyowahi kupata vema. Bikari yangu ikawa kamba ya ng'ombe na kijiti. Nikaifunga kwenye jiwe la kwanza, nikachora tao kati ya migomba. Nikahamia jiwe la pili, urefu uleule, tao likakata lenzake. Nikarefusha kamba, nikarudia huko chini. Nikavuta uzi kupitia misalaba yote miwili, meno nje: leo mwizi anakamatwa!

Uzi ukapita katikati ya banda letu.

Nikapima tena. Ng'ombe akanitazama tu. Nusu yake ilikuwa inalala kwa baba mdogo.

Nikaokota isale nilirudishe upesi, nikageuka, na baba mdogo huyu hapa.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, kichwa chini, isale mikononi.

Akalitazama lile isale. Hapo ndipo nikakumbuka: kwetu anayekujia na isale anaomba msamaha, na humkatalii.

"Marahaba. Mama yako kakutuma?"

Nikajibu kwa kukohoa.

"Mwambie nimekubali. Tangu mjenge hilo banda nasubiri." Akalipokea kwa mikono miwili, akaondoka nalo. Safari hii hakucheka.

Nilimkuta mama jikoni akimenya zile ndizi. Nikamwambia yote, hadi kikohozi. Kisu kikasimama. Akachungulia dirishani kuelekea bandani, kisha akasema:

"Jumamosi tunahamisha banda. Na hiyo kamba mrudishie ng'ombe, kabla hujaenda kupima shamba la kanisa."