Kikohozi cha Chumba cha Chini

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jirani yangu Saengda alimpa mgeni wake supu. Mwezi wa kwanza supu, mwaka wa kwanza supu, na mwaka wa tatu bado alikuwa akivuka ua na bakuli lililofunikwa kwa sahani, huku moyoni anaomba mgeni huyo huyo ahame. Niliyaona yote kutoka kwenye karai langu la ndizi za kukaanga, ng'ambo ya kichochoro, na nusura yanitie wazimu.

Saengda ni mjane. Kila alfajiri huchoma pilipili mbichi kwenye mkaa, pamoja na vitunguu, akazimenya na kuzitwanga kinuni, na kabla jua halijawa kali anakuwa ameshazipeleka sokoni. Hapa Phrae, kaskazini mwa Thailand, hakuna asiyezijua pilipili zake. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Mchinjaji akimpunja nyama, hurudi nyumbani akisema labda mizani imechoka. Sisi watu wa huku wote tunaoneana soni, ndivyo tulivyolelewa, na kumwambia mtu usoni jambo la kumkera tunaona ni kama kumvua nguo hadharani. Lakini Saengda alipitiliza. Mimi, Fongchan, siku soni ilipogawanywa nilichelewa kufika, ndiyo maana watu huniita kwenye ugomvi na si kwenye posa.

Nyumba yake ni ya mbao juu, anakolala mwenyewe, na ngazi yake imesimama wima utadhani ilijengewa nyani. Chini kuna chumba kimoja cha saruji chenye bafu lake. Hicho ndicho alichompangisha Hanneke, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Uholanzi, mwanamke mrefu anayeinama kwenye kila mlango. Huyu mzungu hakuwa na neno. Viatu alivua mlangoni bila kukumbushwa, wali wa kunata alifinyanga kwa vidole kama sisi, na lugha yetu aliisema polepole lakini ikaeleweka. Alikosea mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, alipokuja kumwona mjukuu wangu aliyekuwa na siku chache tu duniani. Alimwinamia akasema kwa sauti, "Jamani, ni mzuri ajabu!"

Nywele zilinisimama. Kichanga hasifiwi! Ukimsifu, wasioonekana nao watamtamani, na wakimtamani watamchukua. Kichanga huitwa mbaya, na kadiri anavyopendwa ndivyo anavyotukanwa. Nilimfunika mtoto uso kwa kanga na kumpigia kelele mgeni wa watu: "Mwalimu, sema mbaya! Sema mbaya upesi!" Alisema, masikini, akiwa mwekundu hadi masikioni. Mjukuu wangu hakupatwa na kitu, sasa anakimbia na kuniibia ndizi. Ila tangu siku hiyo Hanneke aliuchunga mdomo wake kuliko hata Saengda, na kabla ya kusema lolote alikuwa anatazama kwanza nyuso za watu.

Basi mwanzoni mwa mvua, binti pekee wa Saengda, anayeitwa Kratai, alipiga simu kutoka Rayong anakofanya kazi kiwandani. Ana mimba. Mumewe hapewi likizo. Atajifungulia hospitali ya hapa, na mwezi wa uzazi ataukaa kwa mamake.

Saengda alivuka kichochoro mbio kuja kunipa habari, anacheka, kisha akakaa kwenye kigoda changu na kicheko kikamwisha.

"Atalala wapi, dada?"

Swali lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mzazi kwetu hukaa karibu na jiko la mkaa, hukandwa, huoga maji ya moto, na hapandi wala hashuki. Saengda mwenyewe, alipomzaa mtoto wake wa pili, aliteremka ngazi ile kabla mwezi haujaisha, akateleza, mtoto akiwa mikononi. Yule mtoto aliishi wiki chache tu, na Saengda hakushika mimba tena. Haizungumzi habari hiyo, lakini mpaka leo akishuka ngazi hushika ukuta kwa mikono miwili.

"Atalala chumba cha chini," nikamjibu. "Mwambie mwalimu ahame. Sema, mwanangu anarudi, chumba nakihitaji. Basi, umemaliza."

"Nitasemaje hivyo? Mtu mzima, yuko peke yake, kwao mbali."

"Kwa mdomo. Huo huo unaonililia nao."

"Isitoshe anaumwa, dada. Humsikii anavyokohoa?"

Kikohozi hicho tulikisikia kichochoro kizima. Kila alfajiri, jogoo hajamaliza kuwika, Hanneke alianza kukohoa kama injini ya trekta iliyokataa kuwaka. Mchana alikuwa mzima kabisa, anaendesha baiskeli. Alfajiri, anakufa. Saengda aliamini ni kifua kibovu cha nchi za baridi, na kila kikohozi kilipozidi naye alizidisha supu: ya mizizi ya galanga, ya tangawizi, ya kuku na mchaichai.

"Unaona?" aliniambia. "Nimfukuze mgonjwa? Nitazaliwa nini maisha yajayo?"

"Utazaliwa bakuli la supu. Niache nimwambie mimi."

Alinishika mkono, na vidole vyake vina nguvu kwa kutwanga. "Ukimwambia, Fongchan, sitaweza kumtazama tena. Niapie." Nikaapa, na kiapo hicho kikanikaa kooni mvua zote.

Badala ya kusema, alianza kudokeza. Nilimsikia mwenyewe, jioni moja anafagia mlangoni kwa Hanneke.

"Chumba hiki kimezeeka, mwalimu. Kina joto, sakafu imechoka. Hujakichoka wewe?"

Hanneke alimtazama usoni kwanza, kama kawaida yake. "Hapana, mama! Nakipenda mno."

"Kuna vyumba vizuri siku hizi. Vya kisasa."

"Kizuri kuliko hiki? Hakuna. Lakini wewe, mama, huchoki kukaa na mpangaji?"

"Mimi? Aa! Moyo wangu umefurahi. Kaa mpaka uzeeke."

Niliacha ndizi zikaungua.

Wiki iliyofuata Hanneke alimletea Saengda vyungu vyake vyote vya maua. Baadaye akampa feni, kisha sufuria ya umeme ya kupikia wali, tena mpya. Saengda alikuja kwangu karibu kulia. "Ananipenda kama mama yake. Ananipa vitu vyake vyote. Sasa ndiyo sitaweza kabisa!" Usiku huo akampikia mwenzake kambare mzima wa kubanikwa. Nami nilikaa nikiwatazama watu wazima wawili wakirushiana zawadi, tumbo la Kratai linakua kule Rayong, na hakuna anayesema kitu. Mficha uchi hazai, nilimwambia Saengda, na hapa kuna mtu wa kuzaa kweli. Akanijibu kwamba bado kuna muda.

Muda haukuwepo. Kratai alikuja mapema, mimba imemchosha, baridi ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuingia. Pikapu ya abiria ilimshusha mlangoni na mabegi yake, miguu imevimba. Saengda alikimbia, akamkumbatia, akatazama mlango wa chumba cha chini, akatazama ngazi, na akasema kwa sauti ya mtu anayemeza jiwe, "Panda juu, mwanangu. Nimekutandikia."

"Juu, mama? Si ulisema..."

"Panda polepole. Niko nyuma yako."

Nilikuwa nimeshavuka kichochoro na mwiko mkononi. Kratai alishika ukuta, akapanda, akapumzika, akapanda tena. Katikati akasimama. Akasema, "Mama, naona giza," na magoti yakaanza kumlegea. Saengda alikuwa nyuma yake na kimo chake cha mtoto wa shule, amenyoosha mikono, na uso wake siku ile sitausahau. Nilijua anaona nini. Alikuwa anajiona yeye mwenyewe akiteleza miaka ile.

Mlango wa chini ukafunguka. Hanneke alitoka na kitabu mkononi, akakitupa, na kwa ile mikono yake mirefu akamfikia Kratai kutoka pembeni ya ngazi, akamshika kiuno. Saengda akasukuma kwa chini, mimi nikashika mguu uliokuwa karibu, na tukamshusha. Hanneke alimwingiza chumbani kwake moja kwa moja, akamlaza kitandani, akampa maji. Kratai akanywa, rangi ikamrudia, akasema mtoto anacheza. Hapo ndipo sote tukavuta pumzi.

"Kwa nini apande juu?" Hanneke akauliza. "Mwenye tumbo hili?"

Saengda akatazama sakafu. Kratai akamtazama mamake. Ile adabu yetu tena! Nikahisi kiapo changu kinapanda kooni kama chafya.

"Kwa sababu umelala kwenye chumba chake cha uzazi!" nikalipuka. "Mama yake anakihitaji tangu mvua zianze na anakuonea soni, mwalimu! Supu zote zile, kambare, kila kitu, alikuwa anatafuta pa kuanzia! Haya, nimesema. Saengda, nichukie."

Saengda alijifunika uso kwa viganja viwili.

Hanneke alitazama uso wa Saengda, akatazama wangu, kisha akapiga magoti. Nikadhani anaomba radhi, nikaanza kujuta. Kumbe aliingiza mkono uvunguni, akavuta sanduku kubwa, akalifungua. Lilikuwa limejaa. Nguo zimekunjwa, vitabu vimefungwa kamba, mpaka viatu vya mvua.

"Umelifunga lini?" nikauliza.

"Mvua zilipoanza," akasema, mwekundu hadi masikioni kama siku ile ya mjukuu wangu. "Nilitaka kuhama. Nilishindwa kumwambia mama. Kila nikikaribia kusema, analeta supu."

Saengda alishusha viganja. "Ulitaka kuhama? Nimekukosea nini?"

Hanneke akatazama nyuso zetu zote, mmoja mmoja, akavuta pumzi kama anayeingia maji ya baridi. "Pilipili, mama."

"Pilipili gani?"

"Unazochoma. Jiko lako liko chini ya dirisha langu. Kila alfajiri moshi wote unaingia humu. Siumwi. Sijawahi kuumwa. Ni pilipili tu. Lakini ndiyo riziki yako, ningesemaje?"

Jamani. Sisi tumezaliwa ndani ya moshi ule, pua zetu hazijui kama ni moshi. Miaka mitatu tulimwombea mtu afueni, na mwenye kumkohoza ndiye aliyekuwa akimpelekea dawa!

"Na feni?" Saengda akauliza kwa sauti ndogo. "Na sufuria ya wali?"

"Nilidhani ukiona ninagawa vitu, utaelewa naondoka, utaniuliza."

"Mimi nilidhani unanipenda!"

"Nakupenda. Ndiyo maana sikusema."

Kratai ndiye aliyeanza kucheka, amelala pale, ameshika tumbo. "Acheni, nitazaa sasa hivi!" Hanneke akafuata, kisha mimi, na mwisho Saengda, ambaye alicheka na kulia kwa pamoja, ameegemea ukuta, akirudia, "Pilipili! Pilipili zangu!" Sijui kama nimewahi kuona mtu ametuliwa mzigo kama yule. Mabega yake yalishuka mbele ya macho yetu. Mimi mwenyewe nilikaa chini sakafuni kwa raha iliyonijaa, na mwiko wangu bado mkononi, na nyuma yangu ndizi zilikuwa makaa. Sikujali.

Hanneke alihamia siku hiyo hiyo kwenye nyumba ya tarishi mstaafu, mwisho wa kichochoro, upande ambao upepo haupeleki moshi. Tarishi alikuwa amemwekea chumba kitambo. Hakumwambia mtu, maana alichelea Saengda asije akaona ameibiwa mpangaji. Nilipolisikia hilo nilirudi kwenye karai langu. Kichochoro hiki kitaniua. Alfajiri iliyofuata pilipili zilichomwa na hakuna aliyekohoa, na Saengda alisimama uani akisikiliza kimya hicho kama mtu anayesikiliza redio.

Kratai alijifungua salama, mtoto wa kike. Chumba cha chini kikawashwa jiko la mkaa, maji ya moto yakachemka kutwa, na Saengda hakumruhusu binti yake hata kuitazama ngazi. Ilipofika siku ya kumwona mtoto, Hanneke alikuja na supu. Aliipika mwenyewe, ina chumvi nyingi mno, akaleta bakuli limefunikwa kwa sahani. Akavua viatu, akainama mlangoni, akakaa kando ya kitanda.

Saengda alimfunua mtoto. Na nitasema kweli sasa kwa kuwa ameshakua: mtoto alikuwa mzuri. Kope kama zimechorwa, kinywa kama ua la komamanga. Hanneke alimtazama, mdomo ukamfunguka, na mimi nikaikamata kanga tayari kumfunika.

Aliufunga mdomo. Akatazama uso wa Saengda. Kisha akamgeukia mtoto, akakunja pua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Loo, mama! Huyu ni mbaya! Mbaya vibaya sana! Nani atamtaka huyu?"

Saengda alitabasamu mpaka macho yakajaa machozi. "Hakuna, mwalimu," akasema, akimfunika mjukuu wake taratibu. "Hakuna atakayemtaka. Itabidi tukae naye wenyewe."