Maneno Ambayo Sikungoja Kuyasikia

Mwanangu, umepata leseni na watu wanakupongeza. Mimi pia nakupongeza. Lakini kabla hujashika usukani, keti kidogo nikueleze jambo ambalo hata mama yako analijua nusunusu tu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, asubuhi ya Jumanne. Nilikuwa dereva wa pikapu ya mwenye duka mmoja mjini Kakamega, nikipeleka saruji Navakholo. Breki zilikuwa zimelegea tangu wiki iliyotangulia. Nilijua. Ilibidi nizikanyage mara mbili tatu ndipo zishike, nikajiambia nitaipeleka kwa fundi Jumamosi. Hata hivyo nilienda mbio. Ujana tu, hakuna kilichokuwa kikinikimbiza.

Kwenye kona moja, miwa pande zote mbili, nikamkuta mzee juu ya baiskeli, nyuma amefunga kiti kipya cha mbao. Nikakanyaga breki. Hazikushika.

Niliposimama na kushuka, alikuwa amelala kando ya barabara, mkono mmoja ukisogea. Nikapiga hatua chache. Akaniona. Midomo ikaanza kutikisika, akawa anataka kuniambia kitu. Nikaangalia huku na huku, hapakuwa na mtu. Mwanangu, nilirudi garini nikaenda.

Nilikimbilia kwa Senge Tabitha, dada wa baba, yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa anaanika mahindi uani. Nikamweleza.

"Ulipomwacha alikuwa hai?" akaniuliza.

"Mkono ulikuwa unasogea, senge."

Akaweka ungo chini. "Basi hukumgonga tu. Ulimwacha."

Hakunipiga wala hakulia. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akapanda pikapu, akasema, "Turudi."

Tulikuta wakata miwa wameshampakia kwenye trekta kumpeleka hospitali. Alifia njiani. Tulikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, senge akakaa kwenye benchi mpaka nikamaliza kuandikisha taarifa.

Kabla ya kesi, tajiri wangu, yule mwenye duka, aliniita pembeni. "Sema mzee alikukatia barabara. Maiti haibishani." Nakiri nilishawishika. Lakini siku ya kesi niliona Mama Rasoa, mjane wa yule mzee, ameketi mbele na leso yake, ananitazama bila kupepesa macho. Hakimu aliponiuliza, nikasema breki zilikuwa mbovu, nilijua, nilienda kasi, kisha nikatoroka. Nilifungwa miaka miwili.

Nilipotoka, senge alinipeleka kwa Mama Rasoa pamoja na mzee wa mtaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alitukaribisha chai. Tukanywa, kisha akaniambia, "Wakata miwa walimkuta haongei tena. Wewe ulimkuta bado anaongea. Alisema nini?"

"Alianza kusema, mama. Sikungoja."

"Nimekuwa nikingojea utoke gerezani nikuulize hilo," akasema, akainuka akatoka nje. Hakurudi. Tulimaliza chai peke yetu, tukaenda zetu.

Sasa nisikie vizuri. Gari likiwa na kasoro unayoijua, usiliwashe, hata tajiri akifoka. Ukimgonga mtu, simama. Mfikishe hospitali au uite mtu wa kukusaidia, umshike mkono, umsikilize. Watu wakija na mawe, usipigane nao. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ujisalimishe mwenyewe. Mbele ya hakimu usimsingizie asiyeweza kujitetea. Sheria ilinipa kifungo, nikakitumikia kikaisha. Swali la yule mama sijalijibu mpaka leo, nami nina mvi kichwa kizima.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize mikono na miguu uwapo barabarani. Akurudishe nyumbani salama, na kila utakayempita njiani, naye afike kwake.