Orodha Iliyofika Namswea

Ottilia Kapinga alifundisha maadili kwa wanafunzi wa kompyuta kwenye tawi la chuo kikuu kimoja, Mbinga mjini. Wanafunzi waliliona somo lake ni la kujazia ratiba. Walikariri maana ya faragha, wakaiandika kwenye mtihani, wakafaulu. Naye hakuwabana sana.

Pankras alikuwa hodari kuliko wote. Alipokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati moja ya binafsi, alitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa, kwa ujumbe wa simu, siku ya kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Siku moja programu ikagoma. Akawatumia wenzake wawili orodha nzima ya majina wamsaidie kutafuta kosa. Mmoja wao akaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Kufikia Jumapili ilikuwa imefika Namswea, kijijini kwao Ottilia.

Jina la Ephrasia lilikuwamo. Alikuwa mdogo wake Ottilia, mjane, mkulima wa kahawa, mwimbaji wa kwaya. Ottilia hakuwa akijua lolote kuhusu dawa hizo. Akampigia simu.

"Dada, na wewe umesoma?"

"Nimetumiwa. Sijafungua."

"Lakini unajua."



Wiki hiyo Ephrasia alifunga nyumba, akateremka Mbamba Bay, ambako hakuna aliyemfahamu. Akapanga chumba, akawa anawaanikia watu usipa, dagaa wa ziwani. Dawa akaacha. Kuzianza tena kulimaanisha kutaja jina lake mbele ya mtu mwenye kompyuta.

Baada ya miezi saba mwenye nyumba akampigia Ottilia. Ottilia akateremka, akamkuta mdogo wake mkekani, amekonda, anakohoa. Akakodi gari, wakapanda milima kwenda hospitali. Njiani Ephrasia alisema, "Kule chini waliniita Mama Usipa. Nililipenda jina hilo."

Alifariki siku ya nne. Walimzika Namswea.

Pankras alikuja mazikoni. Watu walipotawanyika, akamsogelea Ottilia.

"Shikamoo, madamu. Ile orodha niliituma mimi."

"Najua."

"Swali la faragha nililijibu lote. Ulinipa alama zote."

"Nilikupa."

"Sikuwaza watu, madamu. Niliwaza kosa la programu." Akaanza kulia.

Ottilia hakumfukuza wala hakumbembeleza. "Mama yetu yuko ndani," alisema. "Mwambie mwenyewe."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo kwa Kimatengo. Pankras, ambaye hakuwa mtu wa huku, akamtazama Ottilia.

"Anauliza kama ulikuwa unamfahamu mwanawe."

"Hapana, mama."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akageukia ukuta.

Muhula uliofuata Ottilia alirudi darasani akiwa amepania kuwasimulia wanafunzi yote. Sauti ikakatika kwenye sentensi ya pili. Akawaambia wafungue kitabu. Hajajaribu tena.

Ila sasa hamruhusu mwanafunzi kwenda mafunzoni kabla hajakaa siku nzima kwenye benchi la wagonjwa, bila simu, akisubiri kama wao. Wengine humlalamikia kwa mkuu wa idara. Wengine hurudi kimya, na yeye hawaulizi walichokiona. Kama inasaidia au haisaidii, mwenyewe anasema hajui.